Maji ya Rossmore

Jumamosi asubuhi huko Liverpool, pembeni mwa jiji la Sydney, kama unataka kuona watu wa kila taifa wakiwa na haraka, nenda pale wanapojioshea magari. Foleni inafika hadi barabarani, mashine inameza sarafu na kukupa dakika nne za maji, na nyuma yako kuna mtu anayepiga honi kabla hujafika tairi la pili. Hapo ndipo Mbula alipofika baada ya shifti yake hospitalini, amevaa sare ya bluu ya wauguzi na viatu vya mpira, rasta zake amezifunga kwa kitambaa cha kitenge. Hakuwa amewahi kushika mpira wa maji yenye nguvu kama ule. Alipoubonyeza, uliruka mikononi mwake, ukapita juu ya gari lake jeusi na kumwogesha kijana aliyekuwa upande wa pili akipangusa vioo.

Kijana huyo alikuwa Katembo, na alikuwa amevaa suti mpya ya rangi ya krimu.

"Jamani, sorry. Pole sana," alisema Mbula.

"Dada, hii suti ni ya harusi," Katembo alijibu kwa utulivu, maji yakimtiririka kidevuni. "Ninaimba saa sita."

"Kumbe unaongea Kiswahili."

"Nilikuwa ninaongea. Sasa niko ninakauka."

Mbula alicheka hadi akaegemea gari. Katembo akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akauchukua ule mpira mikononi mwake na kuanza kuosha gari la mtu asiyemjua. Aliosha kuanzia juu kushuka chini, bila papara, akamaliza sekunde chache kabla mashine haijazima.

"Umejifunza wapi?"

"Butembo, Congo. Nimeosha magari ya matajiri pale mpaka nikamaliza secondaire. Kwetu mvua iko inanyesha kila siku, na matope ni mingi. Na wewe, kwenu hamuoshi gari?"

"Kwetu ni Makueni, Kenya. Tunaosha watu kwanza. Maji yakibaki ndiyo tunafikiria gari."

"Basi usitupe pesa tena hapa. Nitakuoshea nyumbani, kila Jumamosi."

"Na ukikosa kuja?"

"Nilowanishe tena."

Alikuja. Mbula alikuwa akiishi katika fleti ndogo Lidcombe, karibu na stesheni, na kila Jumamosi Katembo alitokea na ndoo mbili na furushi la vitambaa. Ndoo moja ilikuwa ya sabuni, nyingine ya kusuuzia, na ole wako uzichanganye. Mbula alikaa kwenye ngazi na kikombe cha chai akimchokoza, na kufikia Pasaka hakuna aliyekuwa akijifanya kwamba habari ilikuwa gari. Katembo alimwita docteur.

"Mimi ni nurse, mpenzi."

"Kwa mimi uko docteur. Ukinigusa homa inashuka."

"Ama inapanda."

"Hiyo nayo ni kweli."

Kazi ya Katembo ilikuwa ghalani, kupanga mizigo kwa forklift. Kabla ya Krismasi alihamia Rossmore, nje kidogo ya Liverpool, akapanga chumba cha nyuma katika shamba la mama mmoja mzee wa Kimalta, kwa sababu palikuwa karibu na ghala. Mama huyo alimpa sharti moja tu: maji ya tangi la mvua ni ya jikoni na ya kuoga, na kazi yoyote ya nje itumie bomba la kisima. Katembo aliitikia. Bomba ni bomba, alidhani.

Wakati huo mambo yao yalikuwa yameshafika kwa wakubwa. Kaka yake Mbula, Ephraim, ndiye aliyekuwa baba yake katika nchi ile. Alikuwa na kazi ya ofisini, mke, nyumba ya vyumba vinne, na maoni juu ya kila kitu. Gari jeusi lilikuwa zawadi yake kwa Mbula alipofuzu uuguzi, na hakuacha kulikagua kila alipoliona. Ephraim alisema kama Mkongomani anataka dada yake, atamtaka Kikamba, kwa ntheo, yaani mbuzi watatu wa kwanza, ambao bila wao hakuna Mkamba atakayekubali kwamba msichana ameposwa. Mbuzi wa Sydney huja kutoka buchani wakiwa wamekatwakatwa, lakini mbuzi ni mbuzi. Siku ikapangwa, Jumamosi ya mwisho ya Januari. Wazee wawili wa kanisa la Katembo wangeleta maneno.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo walikula chakula cha mchana kwa Ephraim. Ilikuwa Jumapili, nyama ya kuchoma, watoto wakijibu kwa Kiingereza kila walichoulizwa kwa Kiswahili. Ephraim alikuwa amechangamka.

"Bwana Katembo," alisema, "mimi nitakupa dada yangu, lakini sitakupa toroli yangu. Nyinyi Wakongomani mnajua kuvaa, kutunza vitu hamjui. Ukiazima toroli utanirudishia gurudumu peke yake, na hilo gurudumu litakuwa limevaa suti."

Meza nzima ilicheka. Mbula naye alicheka, si sana, kiasi cha mtu asiyetaka kuharibu chakula. Katembo alitabasamu, akaomba kachumbari. Mimi ningekuwa mezani pale ningemtazama Katembo mara ya pili, lakini hakuna aliyemtazama.

Jumamosi iliyofuata Mbula alimwachia gari asubuhi, yeye akaenda kazini kwa treni.

"Liwe linang'aa," alimwambia, akimrekebisha kola ya fulana. "Ephraim ataliangalia kabla hajawaangalia wazee wako."

"Docteur, mtajiona ndani yake kama kwa kioo."

Siku hiyo joto lilikuwa la kukausha ulimi. Hapakuwa na kivuli cha maana, kwa hiyo Katembo aliliweka gari juani, saa sita kamili, akafungulia bomba la kisima. Sabuni ikagoma kutoa povu. Akaongeza. Ikatoa utando wa kijivu, mzito, unaonata kitambaani. Akasema moyoni kwamba sabuni za siku hizi ni feki. Akaosha hivyo hivyo, akasuuza, akachukua kitambaa cha kukaushia, na hapo simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya hajui kusema kwa kifupi. Katembo aliporudi, gari lilikuwa limekauka lenyewe.

Lilikuwa limejaa madoa. Meupe, ya duara, mamia kwa mamia, kwenye boneti, kwenye paa, kwenye vioo. Alipangusa kwa kitambaa kikavu, hayakutoka. Akalirushia maji tena, yale yale ya kisima, na jua likayakausha, yakazidi kuwa mengi.

Mtu yeyote aliyekulia Makueni angemwambia kosa liko wapi kabla hajashuka kwenye gari. Yale yalikuwa maji magumu, yaliyojaa chokaa ya ardhini, na chokaa haiondoki na maji. Maji yanaenda zake, yenyewe inabaki. Lakini Katembo alitoka mahali ambapo maji hutoka mawinguni au milimani, matamu na mepesi, na katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuona maji yakichafua kitu. Mwenye elimu hiyo alikuwa hospitalini Liverpool, simu yake mfukoni. Angempigia ingekuwa dakika mbili.

Hakumpigia. Kichwani alisikia tena ile habari ya toroli, akasikia na ile sauti moja iliyocheka pamoja na wengine. Akaingia ndani, akatoa sponji ngumu ya kusugulia sufuria.

Madoa yalitoka. Rangi nayo ikatoka kidogo. Boneti ikabaki na mikwaruzo ya mviringo ambayo jua liliionyesha yote.

Jioni Mbula alipiga simu. "Mpenzi, nije nichukue gari?"

"Bébé, usichoke. Iko na shida kidogo ya betri. Nitaitengeneza. Jumatano nitakuletea."

"Betri? Si ni mpya?"

"Hata mpya inaugua. Wewe uko docteur, unajua."

Mbula alicheka, akamtakia usiku mwema. Uongo ulikuwa umepita bila shida, na Katembo akaketi kitandani akajichukia.

Binti wa mama yake mdogo, Falone, alifanya kazi katika karakana moja ya kung'arisha magari, upande wa viwanda wa Lidcombe. Alipoliona gari alikuna kichwa.

"Katembo, umesugua gari ama umesugua muhogo?"

"Nisaidie tu, dada. Mukubwa wa Mbula asione."

Falone alimsaidia. Madoa yaliyobaki waliyalainisha kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, sehemu moja kwa wakati, wakisuuza kwa maji ya mjini na kukausha papo hapo kabla ya kugusa sehemu nyingine. Mikwaruzo ilihitaji mashine na dawa, na kazi ya jamaa haikuruhusiwa mchana, kwa hiyo Jumanne, karakana ilipofungwa, Falone aliazima mashine wakaondoka na gari kwenda kumalizia nyumbani kwake. Falone alishika usukani. Jua lilikuwa linampiga usoni, akachukua miwani iliyokuwa pale mbele, akaivaa.

Ilikuwa miwani ya Mbula. Na Mbula mwenyewe alikuwa amesimama nje ya stesheni ya Lidcombe, mfuko wa mboga mkononi, akingoja taa ya kuvuka.

Aliliona gari lake kwanza. Kisha akamwona mwanamke mzuri, midomo ya rangi ya zambarau, anaendesha, amevaa miwani yake. Kando yake Katembo, akicheka, kichwa amekiinua nyuma, kama anavyocheka mtu aliyestarehe. Mbula akatoa simu, akapiga. Akamwona Katembo akiitazama simu yake, akiacha kucheka, akipokea.

"Docteur wangu."

"Uko wapi?"

"Niko kazini, chérie."

"Na gari?"

"Gari iko nyumbani. Inakungoja."

Taa ya magari ikawa ya kijani. Gari likapita mbele yake, mita tano hivi. "Sawa," alisema Mbula, akakata.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Ephraim, akasimama jikoni na mboga zake, akasema, "Waambie wasije." Ephraim hakuuliza mara mbili. Alikuwa mtu wa kutenda, na siku hiyo kutenda kwake kulikuwa kuandika meseji tatu kwa Mzee Ishmael, msemaji wa upande wa Katembo, kwamba shughuli imefutwa na asanteni.

Jumatano jioni Katembo alileta gari. Lilikuwa linang'aa kuliko siku lilipotoka dukani, na hilo nalo lilimchoma Mbula, kwa sababu aliona ni kung'aa kwa mtu mwenye hatia. Alifungua mlango nusu, akanyoosha mkono apokee ufunguo. Nyuma yake alikuwa amesimama Ephraim, mikono kifuani.

"Mbula, mzee ameniambia mumefuta. Niambie ni nini."

"Jana kazi ilikuwaje?"

Katembo akautazama ufunguo. Akaelewa kwamba ameonekana. Maneno yote alikuwa nayo mdomoni, kisima, sponji, Falone, na yangechukua muda mfupi tu. Kisha akamtazama Ephraim, aliyekuwa akisubiri kwa uso wa mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

"Ilikuwa muzuri," alisema. Akaweka ufunguo kiganjani mwake, akashuka ngazi.

Alipiga simu mara kumi na moja wiki ile, saa ambazo alijua Ephraim hayupo. Mbula alikuwa ameifunga namba yake tangu siku ya kwanza. Alijisifu kwa hilo, akawasimulia wenzake wodini, wakamwambia umefanya vizuri, girl. Huo ndio ubaya wa watu wanaotupenda, wanatuunga mkono kabla hawajasikia upande wa pili.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi, Mbula alikuwa akijaza mafuta alipoona kitu ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, mahali ambapo hakuna mashine ya kung'arisha inayofika. Ukingo wote ulikuwa na ganda jeupe. Akalikwangua kwa ukucha. Likatoka kama unga. Alilijua. Alikuwa amelikwangua kwenye birika la mama yake tangu akiwa na miaka saba, kila wiki, kwa sababu kisima cha kwao kilikuwa hivyo hivyo. Alisimama pale na kifuniko mkononi mpaka mtu wa nyuma akapiga honi.

Hakurudi nyumbani. Aliendesha hadi Rossmore. Mama wa Kimalta alimwambia yule kijana aliondoka mwezi wa pili, kijana mzuri, alifagia kabla ya kuhama. Mbula aliomba kunawa. Akafungulia bomba la nje, akasugua kipande cha sabuni kilichokuwa pale ukutani, akasugua tena. Hakikutoa povu. Akaushika mkono mmoja kwa mwingine, ikiteleza kwa ule utando wa kijivu, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya mama wa watu.

Alirudi ndani ya gari, akaifungua namba, akapiga.

"Allô?"

"Ni Mbula."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za injini, kisha zikazimwa. "Ninajua ni wewe. Sikufuta namba."

"Niko Rossmore, Katembo. Nimenawa kwa bomba lako."

"Basi umejua."

"Nimejua ya maji. Yule dada sijajua."

"Falone. Mama yake na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja. Alikuwa ananiambia siki imeingia mpaka kwa nywele yake, mume wake anamuita saladi. Ndiyo maana nilicheka."

Mbula alifunga macho. "Mbona hukuniuliza? Mimi nimekulia kwa hayo maji. Ningekwambia usioshee juani, uoshe kipande kimoja kimoja, umalizie kwa maji ya tangi la mvua, ufute kabla hayajakauka. Dakika mbili, Katembo. Ningekuja na siki mwenyewe, off yangu, tungefanya pamoja."

"Ningekuuliza. Nilishika simu. Halafu nikafikiria utamwambia kaka yako, na mezani watacheka, na wewe utacheka nao."

"Singecheka."

"Ulicheka, Mbula. Ile Jumapili ya toroli. Nilikuwa ninakuangalia wewe, si yeye."

Ilikuwa kweli. "Nisamehe," alisema. "Nilicheka ndio mambo yaishe. Sikujua yataanzia hapo."

"Na mimi nilikudanganya mara mbili kwa simu, hata pale mbele ya mlango nilidanganya. Unisamehe. Hiyo inaniamusha usiku."

"Uko wapi sasa?"

"Toowoomba, siku nzima barabarani kutoka huko. Ninaendesha lori."

"Rudi. Ama nije mimi. Nitaomba leave Jumatatu. Bado unanipenda?"

Katembo alivuta pumzi ndefu. "Sana. Lakini nipe mpaka Jumapili. Nitatuma neno."

Mbula aliishi siku tano hizo kwa furaha ya wizi. Alimweleza Ephraim yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kaka huyo alikosa maoni. Jumapili alipika pilau, akavaa gauni la kitenge la kijani lililokuwa limening'inia kabatini tangu Januari, akapaka mafuta mikono iliyokauka kwa dawa za hospitali. Saa tisa mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Ishmael, amevaa suti nyeusi, na mzee mwenzake mmoja ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri. Walikuwa wameomba Ephraim awepo, naye alikuwepo.

Wazee walikunywa chai. Waliuliza habari za Kenya, za baridi, za kazi. Mzee Ishmael akaweka kikombe chini.

"Mwezi wa kwanza," alisema, "hii habari ilivunjwa kwa meseji. Sisi hatukulalamika. Lakini mtoto wetu Katembo amenipigia, ameomba kitu kimoja. Amesema yeye alimpenda huyu binti kwa heshima, na hataki iishe kama takataka. Ametutuma tuje tuifunge, kwa mikono miwili, kama vile tungekuja kuifungua."

Mbula akasogea ukingoni mwa kiti. "Mzee, na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema hakuna kosa lako ambalo hajasamehe. Lakini anasema atakuwa kila siku anachunga uso wako mezani, kuona kama utacheka. Anasema mwanaume anayechunga hivyo hawezi kuwa bwana mzuri, na wewe unastahili bwana mzuri." Mzee alitoa leso, akaipeleka machoni. "Alilia, binti yangu. Hiyo hakunituma. Hiyo ninakupa mwenyewe."

Ephraim alijaribu kusema kitu. Mzee Ishmael aliinua kiganja kwa upole, akamgeukia Mbula.

"Kwetu, na ninafikiri kwenu pia, neno la mwisho si la kaka wala la wazee. Ni la msichana, mbele ya watu. Mbula, umesikia tulichotumwa. Umekubali?"

Alikuwa amejiandaa kuulizwa swali hilo mwaka huu, chumba kikiwa kimejaa, shangazi wakingoja kupiga vigelegele. Alinyoosha gauni juu ya magoti yake. Alitamani kusema hapana, na alijua kwamba hapana yake ingempeleka Katembo mahali pale pale alipokuwa amesimama Januari, mbele ya mlango uliofunguliwa nusu.

"Nimekubali," alisema.

Yule mzee wa pili alisikia neno hilo moja tu, na kwa mazoea ya posa nyingi alizohudhuria, akaanza kupiga makofi. Alipiga mawili, akaziona nyuso zao, akairudisha mikono yake magotini.